Shangazi, chembe changa zimepanda kwenye majibu yangu ya damu, nimeacha vidonge

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34. Karibu mwaka mzima nimekuwa nikichoka kupita kiasi. Nikipanda ngazi moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, nikiinama kumfunga mtoto kamba za viatu naona giza. Nilijiambia ni kazi na malezi. Mwezi uliopita nilianguka bafuni, ndipo mume wangu akanipeleka hospitali hata kabla sijakubali.

Nilipimwa damu, wakaniambia ipo 7.4. Feritini ilikuwa 6. Daktari akasema nimepungukiwa madini ya chuma, akaniandikia vidonge nimeze kimoja kila siku, akanitaka nirudie kipimo baada ya siku tisa. Nimerudia. Siku niliyokwenda kuchukua majibu daktari hakuwepo, nikapewa karatasi dirishani na kuambiwa nirudi wiki ijayo.

Shangazi, tangu hapo silali. Kwenye mstari wa retikulosaiti imeandikwa asilimia 7.5, pembeni kuna H na vinyota viwili, na kawaida wameandika 0.5 hadi 2.5. Kwenye kipimo cha kwanza mstari huohuo ulikuwa 1.2, hauna alama yoyote. Maana yake nilikwenda pale nikiwa mzima upande huo, vidonge vikaniharibu. Nilipotafuta retikulosaiti ni nini nikakuta ni chembe changa za damu, ambazo hazijakomaa. Baba yangu mdogo alifariki kwa saratani ya damu, na nakumbuka vizuri kabisa madaktari walivyosema: damu yake imejaa chembe changa ambazo hazijakomaa. Maneno yaleyale.

Nimeacha vidonge siku ya tatu leo. Tena vilikuwa vinanipa choo cheusi. Sijamwambia mume wangu. Usiku nawatazama wanangu wamelala, nalia.

Nakunakilia namba zote. Kipimo cha kwanza: himoglobini 7.4, hematokriti 24, retikulosaiti 1.2. Cha pili: himoglobini 8.1, hematokriti 27, retikulosaiti 7.5. Chembe nyeupe na chembe sahani hazikuwa na alama mara zote mbili. Sina homa, sijakonda. Hedhi yangu huchukua siku nane na hutoka mabonge, lakini imekuwa hivyo tangu nimzae mtoto wa pili, nimeshaizoea.

Niambie ukweli, Shangazi.
Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu,

Ukweli ndio huu: namba ulizonipa zinaonyesha kwamba vidonge vilikuwa vinakuponya, na ile H iliyokunyima usingizi ndiyo alama ya kwanza ya kupona kwako. Piga simu kituo kilichokuandikia dawa leo hii, uwaeleze umeacha kwa siku tatu, uwaambie na sababu. Hawatakugombeza. Daktari wako hakukuambia uache, kwa hiyo rudi kwenye kidonge kimoja kwa siku kama alivyoandika, na usimeze vitatu kwa mpigo kufidia siku ulizoruka. Mimi si daktari wako, nilikuwa mtu wa maabara, na maamuzi ya tiba ni yake. Lakini karatasi kama yako nimezishika mikononi miaka mingi, na siwezi kukuacha ulie usiku mwingine kwa sababu ya mstari ambao hakuna aliyekaa na wewe akakusomea.

Tuanze na neno lililokutisha. Ni kweli retikulosaiti ni chembe changa. Ila ni chembe changa NYEKUNDU. Zilizojaa kwenye damu ya marehemu baba yako mdogo, kwa unavyosimulia, zilikuwa chembe changa nyeupe, ambazo maabara huziita blasti. Zile hukwama utotoni, hazikomai, na huku zinazidi kuzaana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinazinyima nafasi chembe nyingine zote. Retikulosaiti haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Kabla haijatoka kwenye uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, huwa imeshatupa kiini chake. Chembe isiyo na kiini haizaani. Inaingia kwenye mzunguko, inakaa kama siku moja, mbili ikiwa imetoka mapema, inakomaa, inafanya kazi ya kubeba oksijeni kwa siku zipatazo 120, basi.

Pole sana kwa msiba ule, mwanangu. Najua neno likishaingia nyumbani na kifo, halitoki kirahisi. Lakini ni neno moja lililotumika kwa vitu viwili tofauti, na wewe umekutana nalo peke yako usiku.

Ngoja nikuonyeshe nilichokuwa nakiona. Zamani, kabla mashine hazijachukua kazi hii, tulikuwa tunachukua matone machache ya damu kutoka ile chupa ya kifuniko cha zambarau, tunayachanganya na rangi ya buluu, tunasubiri kama dakika kumi na tano, kisha tunatandaza tone moja juu ya kioo na kuliweka chini ya hadubini. Chembe nyekundu zilizokomaa zinaonekana tupu, duara za kijani iliyofifia. Katikati yao mara moja moja inatokea moja ambayo ndani yake kuna nyuzi na vidoti vya buluu, kama kipande cha wavu kilichokunjwakunjwa. Hiyo ndiyo retikulosaiti, na jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya wavu mdogo. Ule wavu ni mabaki ya mitambo iliyokuwa inatengenezea himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Unahesabu chembe elfu moja, unaandika zenye wavu ni ngapi. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha unapata kumi hivi, macho yanachoka kuzitafuta. Kwa mtu kama wewe, siku ya tisa ya dawa, unaweza ukahesabu sabini na tano. Kila sehemu unayosogeza kioo zimejaa. Nilikuwa nikiiona slaidi ya namna hiyo, na kando yake fomu imeandikwa "ameanza madini ya chuma", nafurahi mwenyewe, kwa sababu najua huyu mtu anarudi.

Sasa kwa nini kawaida ni 0.5 hadi 2.5? Chembe nyekundu inaishi takriban siku 120, kwa hiyo kila siku karibu sehemu moja kati ya 120 huzeeka na kuondolewa, na uboho unatoa mpya kujaza pengo. Hiyo ni pungufu kidogo ya asilimia moja. Kiwango kilichochapwa kwenye karatasi ni cha mtu ambaye kazi ya uboho wake ni kujaza pengo la kila siku tu. Mashine inakulinganisha na mtu huyo. Haijui kwamba wewe umeingia na himoglobini ya 7.4, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, maana umezisoma karatasi zako kinyume. Karatasi ya kutisha ilikuwa ile ya kwanza.

Damu ikipungua hivyo, figo huhisi oksijeni imekuwa haba na kutoa homoni iitwayo erithropoietini, inayouamuru uboho uongeze kazi. Uboho wenye afya na wenye malighafi ungejibu kwa kumwaga chembe changa mara kadhaa ya kawaida. Wako ulitoa 1.2. Yaani nyumba inaungua na mtu anachota maji kwa kikombe. Haikuwa na alama ya H (juu) wala L (chini) kwa kuwa 1.2 iko ndani ya kiwango cha mtu mzima wa afya, lakini kwa mtu mwenye 7.4 ni kidogo mno. Amri ilikuwa inafika, ila chuma cha kutengenezea himoglobini hakikuwepo. Feritini ndiyo ghala ya chuma mwilini, na 6 ni ghala iliyofagiliwa.

Kuna hesabu tunayoifanya ili asilimia isitudanganye. Asilimia inahesabiwa kati ya chembe zilizopo, na kama zilizopo ni chache, hata changa chache zitaonekana nyingi. Kwa hiyo tunazidisha asilimia ya retikulosaiti kwa hematokriti ya mgonjwa, yaani asilimia ya damu yake ambayo ni chembe nyekundu, kisha tunagawanya kwa 45. Kisha, kwa mwenye hematokriti ya 25 hivi, tunagawanya tena kwa 2, kwa sababu uboho ukilemewa huzitoa changa mapema na zinakaa muda mrefu zaidi kwenye damu kabla ya kukomaa, zikihesabiwa leo na kesho. Chukua kalamu tufanye pamoja. Kipimo cha kwanza: 1.2 mara 24 gawanya kwa 45 ni 0.64, gawanya kwa 2 ni 0.32. Cha pili: 7.5 mara 27 gawanya kwa 45 ni 4.5, gawanya kwa 2 ni 2.25. Jibu likiwa chini ya 2 kwa mtu aliyepungukiwa damu, uboho haujitumi vya kutosha. Umetoka 0.32 ukafika 2.25 ndani ya siku tisa. Na himoglobini nayo imepanda, kutoka 7.4 hadi 8.1. Hizi namba mbili zimepanda kwa pamoja, na hilo ndilo nililolitafuta kwanza nilipofungua barua yako.

Hata siku zenyewe zinakubaliana. Mtu aliyepungukiwa chuma akianza vidonge, chembe changa huanza kuongezeka kama siku ya tatu hadi ya tano, zinafika kileleni kati ya siku ya saba na ya kumi, halafu zinashuka taratibu kadiri himoglobini inavyojaa. Daktari wako hakuchagua siku ya tisa kwa kubahatisha. Alitaka kukuta kilele, ajue kama dawa inaingia. Natamani tu angekwambia hivyo mapema. Sentensi moja, "namba hii itapanda na mimi ndivyo ninavyotaka", ingekuokoa na siku zote hizi.

Na si jambo la leo wala jana. Mwaka 1926, madaktari wa mjini Boston, George Minot na William Murphy, walitangaza kwamba wagonjwa 45 wa aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua walikuwa wanapona kwa kulishwa maini. Vitamini B12 iliyomo kwenye maini, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaponya, ilikuwa haijulikani bado, ilitengwa mwaka 1948. Wangejuaje mapema kwamba tiba inafanya kazi? Walihesabu chembe changa. Ndani ya siku chache za tiba zilikuwa zinapanda ghafla, kabla himoglobini haijasogea sana. Mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Namba iliyokuliza wewe, wao waliisubiri kwa hamu kando ya vitanda vya wagonjwa.

Kuhusu choo cheusi: vidonge vya chuma hufanya hivyo kwa watu wengi, kwa sababu chuma ambacho hakikufyonzwa hutoka na choo. Kinakuwa cheusi au kijani cheusi lakini umbo lake ni la kawaida. Ukiona choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hicho ni kingine, ni damu inayotoka tumboni, nenda hospitali hapohapo. Kama vidonge vinakuchafua tumbo, mwambie daktari kabla ya kuamua mwenyewe. Anaweza kukubadilishia aina, au akakuruhusu umeze siku moja na kuruka moja, na dawa bado ikaingia vizuri. Chuma hufyonzwa zaidi tumbo likiwa tupu. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia hukizuia, vitenganishe navyo kwa saa mbili hivi. Na vifungie mbali na watoto, mwanangu, mahali pasipofikika kabisa, kwa sababu vidonge vichache tu vinaweza kumdhuru sana mtoto mdogo.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa upendo. Umeandika kurasa kuhusu retikulosaiti, na hedhi ya siku nane yenye mabonge umeiweka mwishoni, ukasema umeizoea. Huko ndiko chuma chako kilikokwenda, karibu nina hakika. Tutajaza ghala huku mlango wa nyuma uko wazi? Mweleze daktari waziwazi: siku ngapi, unabadilisha pedi mara ngapi kwa siku, mabonge yana ukubwa gani, kama unaamka usiku kubadilisha, na hedhi imekuwa hivyo tangu lini. Omba uangaliwe kizazi kwa ultrasaundi, kwa kuwa uvimbe wa kizazi, ule usio wa saratani, ni sababu ya mara kwa mara kwa wanawake wa umri wako, na zipo tiba za kupunguza hedhi nzito. Bila hilo, mwakani utaniandikia tena na himoglobini ya 7.

Wapo wasomaji watakaosoma hapa wakiwa na karatasi zao, nao nisiwapotoshe. Namba hii kupanda si habari njema kwa kila mtu. Ikiwa retikulosaiti ziko juu na himoglobini haipandi, au inashuka, maana yake damu inatengenezwa kwa kasi lakini inapotea mahali: ama mtu anavuja, ama chembe zake zinapasuliwa kabla ya siku zake. Malaria hufanya hivyo, selimundu hufanya hivyo, na wakati mwingine kinga ya mwili hugeuka ikazishambulia chembe zenyewe. Dalili huwa macho ya manjano na mkojo wa rangi ya chai kavu, na daktari ataomba vipimo vya kuonyesha kama chembe zinapasuliwa: bilirubini, LDH, haptoglobini na kile cha Coombs. Kwa mgonjwa wa selimundu ninaogopa zaidi namba ikishuka ghafla. Chembe zake huishi muda mfupi, kwa hiyo uboho wake hufanya kazi kupita kiasi kila siku, na virusi viitwavyo parvovirusi B19 vinaweza kuusimamisha kwa wiki nzima hivi. Mtoto wa selimundu aliyepauka na kulegea ghafla asisubiri asubuhi. Na aliyeongezewa damu karibuni amkumbushe daktari, maana damu ya mtu mwingine huivuruga hesabu hii.

Namba kuwa chini huku damu ni pungufu, kama ulivyokuwa wewe mwanzo, huwa ni kukosa malighafi (chuma, B12, foliki asidi), au figo zilizochoka zisizotoa homoni ya kutosha, au ugonjwa wa muda mrefu, au uboho wenyewe una tatizo. Kama pamoja na hilo chembe nyeupe na chembe sahani (zile za kugandisha damu) nazo zimeshuka, hapo ndipo daktari huuangalia uboho kwa karibu. Zako hazina alama mara zote mbili. Lishike hilo.

Utakapomwona daktari wiki ijayo, mpe karatasi zote mbili kwa pamoja, azisome sambamba. Mwambie kuhusu baba yako mdogo pia. Ni haki yako kumuuliza moja kwa moja, "Je, kuna chochote hapa kinachokufanya ufikirie saratani?" na usikie jibu kwa masikio yako. Kipimo kingine huenda kikawa baada ya wiki tatu au nne. Siku hiyo himoglobini inategemewa iwe imepanda kwa gramu moja hadi mbili hivi, na retikulosaiti ziwe zimeshuka kutoka 7.5. Usije ukashtuka tena kwamba zimeshuka. Na hata ukifika 12 usiache vidonge siku hiyohiyo, kwa kawaida huendelea miezi mitatu zaidi ili ghala nayo ijae.

Ukipata moyo kwenda mbio hata umekaa, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzimia tena, au hedhi inayolowesha pedi moja kila saa kwa saa mbili au zaidi mfululizo, usisubiri miadi.

Leo usiku mweleze mume wako. Yeye ndiye aliyekubeba kutoka bafuni, anastahili kujua kwa nini unaamka saa nane kuwatazama watoto. Mwonyeshe 0.32 na 2.25. Na majibu ya wiki ya nne yakitoka, ninakilie zile namba tatu tena, tutafanya hesabu pamoja.

Shangazi yako